Moja Kumi na Saba

Mtaani hakuna aliyemwita yule mzee kwa jina lake. Alikuwa Mzee Mojamoja, na mwenyewe aliitika bila kinyongo. Maisha yake yote ya kazi alikuwa karani wa mizani ya malori nje ya mji: kukaa ndani ya kibanda cha mabati, kusoma uzito, kugonga muhuri, kumruhusu dereva apite. Kati ya lori moja na jingine saa nzima ilipita, pengine mbili. Wenzake walizimaliza saa hizo kwa karata na umbeya. Yeye alizimaliza kwa kugawanya namba moja.

Namba yenyewe haikuwa na tarakimu nyingine ila moja, zimepangwa mstari mmoja, kumi na saba: 11111111111111111. Aliachiwa na mhandisi wa barabara ambaye lori lake lilimfia pale mizani, akashinda kibandani akisubiri spea. Mhandisi yule alimwonyesha kwamba kumi na moja haigawanyiki kwa chochote isipokuwa moja na yenyewe. Ukiongeza moja ikawa mia na kumi na moja, tatu inaigawanya. Ukiongeza nyingine, kumi na moja inaigawanya. "Zikifika kumi na saba," alisema, "mimi sijui, na sijui ni nani hapa karibu anayejua." Akamwachia na ufunguo: kama namba ile ina kigawanyo, basi ukikigawa kigawanyo hicho kwa thelathini na nne lazima ibaki moja. Kwa hiyo ijaribiwe mia na tatu, ijaribiwe mia na thelathini na saba, na zilizobaki kati yake, pamoja na zile zinazogawanyika zenyewe, zisipotezewe wino. Lori likapona, mhandisi akaenda zake, hakuonekana tena. Namba ikabaki.

Mzee alipostaafu alirudi nyumbani na sanduku la bati lililojaa madaftari. Kila mgawanyo mmoja ulikula nusu ukurasa: jawabu juu, ngazi ya kutoa na kushusha katikati, na chini kabisa baki, limepigiwa mstari. Kila mstari ulikuwa na maana ileile, kwamba namba imekataa.

Vitabuni namba inayokataa zote huitwa namba tasa. Mzee alilijua neno hilo vizuri, na miaka mingi alilitumia kama mtu anavyotumia neno kijiko. Kisha binti yake akarudi kutoka kwenye ndoa. Miaka tisa hakupata mtoto, na mama mkwe alikuwa amezoea kumtupia neno lile mezani, mbele ya wageni, mpaka siku aliyofunga godoro lake na kuondoka. Tangu wiki ile mzee alianza kusema "namba kaidi." Binti aliona. Baba aliona kwamba ameona. Hawakulizungumza.

Binti alikuwa mfuaji wa hospitali. Aliingia kazini jua likichomoza na kutoka saa tisa alasiri. Mashuka yaliyomfikia yalikuwa yamebeba kila kitu ambacho mwili wa mtu unaweza kutoa. Aliyachagua, akayaloweka, akayalisha mashine mbili kubwa, moja nzima na nyingine yenye siku zake. Alirudi nyumbani vidole vimechunika kwa dawa na mgongo umekuwa ubao. Alioga, akapika, akaketi. Na kila alipoketi, sauti ilitoka barazani, ya upole, upole uliokuwa mzito kuliko amri.

"Mwanangu, leo tufanye tatu tu."

Maana macho ya mzee yalikuwa yamezibwa. Mtoto wa jicho, kushoto na kulia. Mwanzoni aliona kama mtu aliye nyuma ya pazia la bafu, baadaye akabaki na mwanga na kivuli tu. Daktari wa macho alipita mara mbili kwa mwaka na foleni yake ilikuwa ndefu kuliko subira ya wagonjwa. Karani akaweza kujivalia shati, kujimiminia chai, hata kujinyoa kwa kupapasa, lakini tarakimu hakuweza. Binti akawa macho yake na mkono wake.

Kugawanya moja kumi na saba kwa namba yenye tarakimu saba si mchezo. Ni hatua kumi, na kila hatua ina kuzidisha kwake na kutoa kwake, na ukikosea ya pili, nane zinazofuata zote ni takataka. Mtu aliyepumzika huchukua robo saa. Aliyetoka kufua huchukua zaidi. Wala mzee hakukubali jawabu kwa kuambiwa tu, kwa kuwa alikuwa na kipimo chake. Jumlisha tarakimu za kigawanyo mpaka ibaki tarakimu moja. Za jawabu vilevile. Zidisha hizo mbili, ongeza za baki, jumlisha tena. Lazima ije nane, kwa sababu moja kumi na saba zikijumlishwa ni kumi na saba, na moja na saba ni nane.

"Soma jawabu," alisema, uso ameuelekeza ukutani. Binti akasoma. "Soma baki." Akasoma. Midomo ya mzee ikacheza kidogo, vidole vikagusa goti kimoja kimoja.

"Nane. Weka."

Weka maana yake piga mstari, funga, fungua nyingine. Mwaka wa kwanza binti aliweka kwa uaminifu. Zilipita namba milioni moja na laki tisa na kitu, zikaingia milioni mbili, na yote yaliyokuwa yakimwendea vibaya alijikaza kisabuni na kuyavumilia.

Siku ambayo alianguka haikuwa na lolote la ajabu. Mashine nzima nayo ilikufa. Mashuka ya wodi tatu yakafuliwa kwa mikono, na yeye na wenzake wawili walikamua mpaka viganja vikakataa kufunga. Alipofika nyumbani baba alikuwa ameshaweka daftari mezani, na kalamu juu yake, sambamba na ukingo.

"Tatu tu, mwanangu."

Ya kwanza aliimaliza. Ya pili akapotea hatua ya tano. Alitazama safu ile ya tarakimu na hakujua ameshusha moja ngapi. Angerudia tangu mwanzo, lakini barazani palikuwa na joto, na kichwani hapakuwa na kitu. Basi akaandika tarakimu sita zilizokuja zenyewe, na baki lililokuja lenyewe, akasoma.

Mzee akahesabu. "Si nane. Rudia."

Hakurudia. Alibadilisha tarakimu moja ya baki, akanyamaza muda wa kutosha mtu kudhani anafanya kazi, akasoma tena.

"Nane. Weka."

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na binti aligundua kwamba ni kweli kabisa: mgawanyo wa kweli robo saa, wa uongo dakika nne. Kesho yake alijiambia atafanya za kweli na kuifuta ile. Kesho yake alikuwa amechoka vilevile. Baada ya wiki mbili alikuwa na ustadi wake. Alifanya hatua tatu nne za mwanzo kwa haki, kwa sababu mwanzo ni mwepesi, kisha akaacha kalamu iende, na mwishoni akalipanga baki mpaka nane ikae mahali pake. Alijitetea moyoni. Namba hii imekataa maelfu kwa maelfu. Hizi chache ndizo itakazozikubali? Baba anataka kusikia "imekataa," na anasikia. Kuna aliyeumia?

Ikaenda hivyo miezi mitano. Migawanyo mia nne na hamsini, zaidi kidogo.

Kisha daktari wa macho akaja, na foleni ikamfikia mzee.

Walimfanyia jicho la kulia. Siku walipofungua bandeji muuguzi alimpa kitu cha kusoma, pakiti ya sabuni iliyokuwa karibu, na mzee akaisoma yote, jina, uzito, maelekezo, mpaka anwani ya kiwanda. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakacheka. Binti alisimama mlangoni na kilo zake kumi za mashuka mabegani, akalia, na hakuwa na uhakika analia nini.

"Sasa umepumzika, mwanangu," mzee alimwambia njiani kurudi nyumbani. "Umenitumikia vya kutosha."

Na kila jirani aliyekuja kumpa pole alimweleza habari ileile. "Huyu binti ndiye aliyekuwa macho yangu. Mwaka mzima na zaidi. Njoo uone mwandiko wake." Akafungua madaftari. "Tazama. Mimi kurasa zangu zimejaa kukata na kufuta kama shamba lililopitiwa na ngedere. Yeye hata kosa moja hana."

Majirani walitazama wakasema mashaallah. Binti alikwenda jikoni. Alijua kwa nini kurasa zile hazikuwa na kosa: mtu anayebuni hana cha kukata.

Mzee akashika kalamu mwenyewe, akaendelea pale binti alipoachia, namba milioni mbili na elfu tisini. Binti angeweza kupumzika sasa. Alasiri zote zilikuwa zake. Alijilaza kitandani na hakulala. Kupitia ukuta alimsikia baba akinong'ona, saba mara sita, shusha moja, na kila mnong'ono ulikuwa umejengwa juu ya shimo alilolichimba yeye.

Ukaja mwezi ambao mzee aliandika barua. Aliandika rasimu nne, akaiandika ya tano kwa mwandiko wa kazini, ule wa kutoa vibali. Ilikuwa ya kwenda idara ya hesabu ya chuo kikuu, naye akamsomea binti kwa sauti. Mimi ni karani mstaafu. Nimejaribu vigawanyo vyote vya namba hii vinavyowezekana hadi milioni mbili na laki moja na sikupata. Najua bado ni mbali, na umri wangu hautoshi. Atakayependa kuendelea aanzie hapo nilipofika, asirudi nyuma, kwa kuwa nyuma kote nimepita.

"Mstari wa mwisho unauonaje?" akauliza.

"Ni mzuri, baba."

"Mimi sitafika, hilo nalijua. Ila mtu akija nyuma yangu asikanyage hewa." Akaitia barua kwenye bahasha, akailamba. "Pale hospitali kuna sanduku la posta. Kesho itumbukize."

Kesho yake binti alisimama mbele ya sanduku la posta na barua mkononi mpaka mtu wa nyuma yake akamwomba apishe. Aliirudisha mkobani. Jioni baba akauliza, "Umeituma?" Akajibu, "Nimeituma." Sasa uongo ukawa wa pili.

Alifikiri njia zote. Kusema hakuweza, kila alipofungua kinywa aliliona lile jicho jipya likimtazama kwa shukrani. Ikabaki njia moja, ndefu kuliko zote. Barua inasema nyuma kote kumepitwa. Basi ipitwe. Atachukua daftari moja moja kutoka sandukuni, mzee akiwa barazani, na atafanya upya migawanyo yote mia nne na hamsini, kwa haki, na ikiisha ataituma barua ikiwa ya kweli, na hakuna atakayejua.

Aliifanya kazi hiyo saa ya chakula cha mchana, katika chumba cha mashuka safi, amekaa juu ya kreti la sabuni lililopinduliwa, daftari mapajani. Nne kwa siku, siku mbaya mbili. Mpiga pasi wao, mama mnene mwenye kicheko cha puani ambaye wote walimwita Mama Pasi, alimvumilia wiki ya kwanza tu.

"Mwenzangu, kila siku unakula namba. Zinashibisha?"

"Ni za baba."

"Mimi baba yangu aliniachia presha. Wako kakuachia darasa." Akageuza shuka. "Kula, binti. Utaanguka kwenye mashine tukukamue na wewe."

Alikula mkate mkavu huku akizidisha. Wiki zikaenda. Mikono ikafua, ikagawanya, ikapika, na baba kila baada ya siku chache aliuliza kama posta imeleta kitu, na yeye akajibu bado, baba, chuo kikuu hawana haraka. Alikonda. Alisahau kuchana nywele siku mbili mfululizo. Wakati mwingine katikati ya hatua ya saba alishangaa: anamfanyia nani haya, baba au nafsi yake? Na zote zilikataa. Moja baada ya nyingine, mabaki makubwa na madogo, zilikataa kama alivyojiambia siku zile kwamba zitakataa, na hilo halikumpa nafuu hata kidogo.

Ilikuwa kama ya mia mbili na arobaini na kitu. Jumatano. Kigawanyo kilikuwa 2071723, na ukurasa wake wa zamani, mwandiko wake mwenyewe safi, ulisema jawabu ni 5363187402 na baki ni 1204916. Aliufunika kwa kiganja kama kawaida, asije akaiga, akaanza upya pembeni. Tano. Tatu. Sita. Tatu. Hapo ndipo siku ile alipoachia, aliona sasa, kwa sababu kuanzia hapo jawabu lilienda njia nyingine. Mbili. Mbili. Mbili. Tatu. Tano. Akashusha moja ya mwisho, ikawa 14502061. Saba mara 2071723. Akazidisha kutoka kulia, akibeba mkononi, akaandika matokeo chini yake.

14502061.

Alizitazama namba mbili zile, ya juu na ya chini, kama mtu anayetazama mapacha akitafuta kovu. Alitoa, ingawa hapakuwa na cha kutoa. Akazidisha tena. Akafanya kipimo cha baba: nne mara mbili, nane, na baki si kitu. Nane.

"Umeona nyoka?" Mama Pasi akauliza.

"Imegawanyika," binti akasema.

"Nini?"

"Namba ya baba. Imegawanyika. Niliiruka."

Mama Pasi hakuelewa, lakini aliona uso. Akazima pasi, akaja akakaa sakafuni kando yake, mzito na kimya, akamshika mguu mpaka kengele ya kazi ikalia.

Njia ya nyumbani siku hiyo ilikuwa fupi. Angeweza bado kunyamaza. Angeweza kusema ameota, amekisia, amebahatisha. Angeichoma ile karatasi, na baba angeendelea mbele na kunong'ona kwake mpaka mwisho wa umri, akitafuta mbele kilichoko nyuma. Hilo ndilo lililomshinda. Uongo wa kumfurahisha mtu aliuweza. Huu wa kumtembeza bure hakuuweza.

Mzee alikuwa barazani, miwani puani. Binti hakuoga wala hakupika. Aliweka mezani daftari, kisha barua iliyochakaa pembe kwa kukaa mkobani, kisha karatasi ya mchana ule.

"Baba, hii barua sikuituma."

Mzee aliitazama bahasha. "Kwa nini?"

"Kwa sababu si ya kweli. Miezi mitano ya mwisho, zile nilizokufanyia, sikuzifanya. Nilianza kila moja, kisha nikabuni. Nilikuwa napanga baki mpaka inakuja nane."

Jicho zima la mzee lilienda kwenye daftari, kwenye ule mwandiko usiokatwa.

"Zote?"

"Kuanzia milioni mbili na elfu hamsini. Zote. Nimekuwa nazirudia kazini, nilitaka kuzimaliza kabla hujajua. Leo nimefika hii." Akamsogezea karatasi. "Hii imegawanyika, baba. Nilikusomea baki, ukaniambia weka. Haina baki."

Mzee alichukua kalamu. Hakuitazama karatasi ya binti. Alifungua ukurasa mpya, akaandika moja kumi na saba, akahesabu kwa ncha ya kalamu kama zimetimia, akaanza. Binti alibaki amesimama. Ilichukua robo saa na zaidi, maana jicho lilikuwa jipya na mkono wa zamani. Alipofika mwisho aliandika sifuri ndogo, akaipigia mstari. Kisha akavua miwani na kuikunja.

"Miaka thelathini na moja," alisema. Hakumwambia yeye hasa. "Nilikuwa nangoja ikatae."

"Nisamehe, baba."

"Ungesema umechoka."

"Ungekubali?"

Alifikiri. Hakuwa mtu wa kujibu tu ili mazungumzo yaishe. "Ningenuna," akasema. "Siku mbili ningenuna. Ya tatu ningekula." Akainuka, akaingia chumbani kwake na kufunga mlango, na hapakuwa na ukali katika kufunga kule, jambo lililomuuma binti zaidi.

Siku tatu hakugusa daftari. Alikula alichopewa, akajibu alichoulizwa, akakaa barazani mikono mapajani akitazama barabara kama zamani alipokuwa hawezi kuiona. Binti alikwenda kazini akarudi. Hakuomba msamaha tena. Aliona kwamba ombi la pili lingekuwa la kujipumzisha yeye.

Siku ya nne alimkuta amevuta sanduku la bati katikati ya sebule, amezungukwa na madaftari ya kale kabisa, yale yenye vumbi la mizani na alama za vikombe vya chai.

"Kaa," akasema. "Nataka uangalie jambo, uniambie kama nimekosea."

Akakaa sakafuni.

"Imegawanyika kuwa mbili, sivyo? Moja ni hiyo yako, 2071723. Nyingine ndiyo jawabu, 5363222357. Sasa hii kubwa yenyewe je? Nayo inagawanyika?"

"Sijui, baba." Aliona miaka mingine thelathini ikifunguka.

"Nami sikujua. Nikafikiri siku tatu. Sikiliza. Kama inagawanyika, basi kimoja kati ya vigawanyo vyake lazima kiwe kidogo, hakivuki elfu sabini na tatu na ushee. Na chochote kinachoigawanya hii kingeigawanya na mama yake, zile moja kumi na saba. Sasa mpaka elfu sabini na tatu nani alipita?" Akapiga madaftari ya vumbi kwa kiganja. "Mimi. Kibandani. Kwa macho yangu mawili, wewe ukiwa bado shule. Nimepitia tena tangu asubuhi, sijaona niliporuka. Hakuna."

Binti akaifuata hoja hatua kwa hatua, kama anavyoshusha tarakimu. Haikuwa na shimo.

"Kwa hiyo ni kaidi," akasema.

"Ni kaidi. Bilioni tano na ushee, na hakuna kinachoigusa. Nilikuwa nimeshaithibitisha kabla sijajua kama ipo." Kwa mara ya kwanza tangu Jumatano uso wake ulilegea. "Ni tasa kamili," akasema, kisha akasita, akamtazama binti yake upesi.

"Ndilo jina lake, baba," binti akasema. "Sema tu. Namba haijawahi kunitukana."

Mzee akaitika kwa kichwa.

Barua ya pili aliiandika binti, kwa sababu mzee alisema aliyeiona ni yeye. Alitaka iwe fupi: namba, vigawanyo vyake viwili, na sababu ya kujua kwamba havigawanyiki tena. Alipouliza kama waeleze ile miezi mitano, mzee alisema waeleze. Wakaeleza, mistari miwili. Safari hii mzee alikwenda naye mpaka sanduku la posta, wakasikia bahasha ikigonga chini.

Jibu lilikuja baada ya miezi minne, ukurasa mmoja uliochapwa, wenye sahihi isiyosomeka. Mwandishi aliwashukuru. Alisema hesabu yao ni sahihi kabisa, vigawanyo ni hivyo viwili, navyo vyote ni namba tasa. Ila imejulikana hivyo tangu karne iliyopita, na iko kwenye majedwali. Aliongeza, labda kwa kuona huruma, kwamba moja zikiwa kumi na tisa namba haigawanyiki kabisa, na kwamba hilo nalo lilishathibitishwa zamani.

Binti alimaliza kusoma akangoja. Alikuwa amejiandaa kwa mengi. Mzee aliichukua barua, akaisoma mwenyewe tena kwa jicho lake, taratibu, mpaka kwenye sahihi.

"Wanajua tangu karne iliyopita," akasema.

"Ndiyo, baba. Pole."

"Pole ya nini? Kasema ni sahihi kabisa." Akaikunja barua mara mbili. "Yule mhandisi naye. Alisema hajui anayejua. Alikuwa mkweli, hakujua." Akacheka kidogo, kicheko kikavu cha mtu aliyetembea mbali akakuta mlango ulikuwa wazi. "Na kumi na tisa wameshaimaliza. Basi hiyo tuwaachie."

"Tuwaachie," binti akasema.

Ilikuwa saa kumi kasoro, jua bado kali nje. Aliingia chumbani, akavua viatu, akajilaza juu ya kitanda bila hata kuvuta pazia, akisema atapumzisha mgongo dakika tano kabla ya kupika. Usingizi ulimchukua mzimamzima. Alipofumbua macho kivuli kilikuwa kimehamia ukuta mwingine, na jikoni vyombo vilikuwa vinagongana. Baba alikuwa anapika, vibaya, kitu kimeanza kuungua. Binti alisikiliza kwa muda, akajigeuza upande wa pili, akamwacha apike.